Kukandika Kuta za Fort Davis

Trela letu lina urefu wa futi 26. Ukiingia, mkono wa kulia kuna kitanda, kushoto meza na viti vya kukunja, katikati jiko la gesi la plati mbili na sinki ambalo sufuria ya ugali wa watu wanne haienei. Humo ndimo tunamoishi mimi na Baba Neema, mwaka wa nne sasa, tangu nilipostaafu uuguzi na yeye akakabidhi funguo za lori. Nyumba ya Houston tuliiuza. Vyombo tuligawa, na vile ambavyo moyo ulikataa kuviachia viko kwa binti yetu.

Nilipompigia simu dada yangu Korogwe kumweleza, alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mnalala kwenye gari?"

Nikamwambia ni nyumba, ila ina magurudumu.

"Na hiyo kazi mnayoifuata huko jangwani, wanawalipa?"

Nikamwambia ni ya kujitolea. Wanatupa mahali pa kuegesha, umeme, maji na bomba la majitaka.

"Mdogo wangu," akasema, "umekesha wodini miaka yote hiyo, leo unakwenda kufagia magofu ya wazungu bure?"

Sikuwa na jibu. Swali lake nililibeba mpaka magharibi ya Texas, na Waswahili wenzangu walioko huku wanaokaribia kustaafu wananiuliza lile lile kwa maneno ya upole zaidi. Kwa hiyo naandika.

Kwanza utaratibu, maana wengi hawaujui. Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ina mpango wa kupokea wajitoleaji tangu 1970, na nafasi zinatangazwa kwenye tovuti ya serikali, volunteer.gov. Unaomba, unahojiwa kwa simu, unachunguzwa rekodi zako, kisha mnakubaliana. Mara nyingi ni saa 24 hadi 32 kwa wiki kwa kila mtu, kwa miezi mitatu au zaidi. Ukiumia kazini unahesabiwa kama mfanyakazi wa serikali kuu kwa upande wa matibabu na fidia. Ukifikisha saa 250 unapewa kadi ya kuingia hifadhi za taifa zote bila malipo kwa mwaka mmoja. Hifadhi za majimbo nazo zina mipango yao, na kila jimbo lina desturi yake.

Sisi tulianzia kwenye hifadhi ya jimbo moja, sitaitaja. Kwenye simu tulielewana saa 24. Tulipofika zikawa 30, kisha msimu wa wageni ulipopamba moto Baba Neema akawa anasafisha vyoo na kukata nyasi siku sita kwa wiki, na mimi niko getini nakata tiketi. Hatukuwa na karatasi yoyote mkononi. Tulivumilia wiki tano, tukaaga kwa heshima, tukaondoka. Kuanzia hapo hatuwashi gari kwenda popote mpaka makubaliano yawe yameandikwa: saa ngapi, kazi gani, siku zipi za kupumzika, na bomba la majitaka lipo pale pale kwenye egesho au ni la kulifuata kwa gari. Kama unawaza maisha haya, shika hilo. Jambo la pili ni bima ya afya. Medicare ya kawaida, bima ya serikali kwa wazee, inapokelewa karibu kila mahali nchini, lakini nyingi za zile za kampuni binafsi zinakufunga kwenye hospitali za eneo lako. Mtu anayehamahama akikosea hapo, atalia.

Fort Davis tulifika mwanzoni mwa Februari. Ni ngome ya zamani ya jeshi, imekaa mdomoni mwa korongo, nyuma yake miamba ya rangi ya kutu imesimama kama ukuta. Mwinuko wake ni kama mita 1,500, kwa hiyo hewa ya asubuhi ilinikumbusha Lushoto, ingawa huku hakuna ukungu wala migomba; kuna upepo, nyasi za manjano na anga. Mji wenyewe una watu kiasi cha elfu moja. Kwa hospitali na soko kubwa unakwenda Alpine, maili 24.

Wiki ya kwanza mpira wetu wa maji uliganda. Tuliamka, bomba kavu, na mpira huko nje umekakamaa kama fimbo. Baba Neema aliuyeyusha kwa maji ya birika, huku mikono inamtetemeka. Tangu usiku ule, kila jua likizama tunajaza tangi la ndani, tunachomoa mpira na kuukausha. Ni kazi ya dakika kumi. Baba Neema aliifanya kila jioni bila kukumbushwa, na mimi nilikuwa namwangalia dirishani na tochi yake kichwani, nikimshukuru Mungu kwa mwenzangu huyu. Miaka mingi ya ndoa yetu yeye alikuwa barabarani na mimi zamu ya usiku. Tulikuwa tunapishana mlangoni. Sasa tunapishana kwenye ujia wa futi mbili, mmoja akipita mwingine anakaa kitandani.

Sasa nirudi kwa dada na magofu ya wazungu.

Ngome ilianzishwa 1854 kulinda barabara ya San Antonio hadi El Paso, njia ya magari ya barua na mizigo. Waliipa jina la Jefferson Davis, wakati huo waziri wa vita, ambaye baadaye akawa rais wa majimbo ya kusini yaliyojitenga kupigania utumwa. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ngome ikaachwa. Jeshi liliporudi 1867, waliokuja ni Kikosi cha 9 cha wapanda farasi, askari weusi, wengi wao watu waliotoka utumwani miaka miwili tu nyuma. Mpaka 1885 vikosi vyote vinne vya askari weusi wa jeshi la kawaida vilipita hapa: cha 9 na cha 10 vya wapanda farasi, cha 24 na cha 25 vya askari wa miguu. Mshahara dola 13 kwa mwezi. Ngome hii walishiriki kuijenga wao, mawe wakachonga, matofali ya udongo wakafyatua. Ngome yenye jina la Davis, imejengwa pia kwa mikono ya watu ambao yeye alitaka wabaki mali ya wenzao. Nilipolisoma hilo siku ya kwanza kwenye chumba cha wajitoleaji, nilimwandikia dada pale pale: si magofu ya wazungu.

Alijibu kwa emoji ya mtu anayewaza.

Mimi nilipangwa sehemu mbili, hospitali na bweni la askari. Hospitalini nilikuwa kama nimerudi kazini. Wakati ule hapakuwa na wauguzi wa kusomea. Askari mmoja alitolewa kwenye kikosi akaambiwa angalia wagonjwa, na mwanamke aliyeajiriwa hapo alikuwa wa kufua mashuka. Kuhara damu, homa, vidonda, kiseyeye kwa kukosa mboga. Wageni wengi hudhani askari wa mipakani walikufa kwa mishale. Niliwaambia nikiwa nimesimama kwenye wodi ile ndefu yenye madirisha pande zote mbili, yamewekwa hivyo ili upepo upite: adui mkubwa alikuwa maji machafu. Hilo nalisema kwa uhakika wa mtu aliyewahi kuona kipindupindu kwa macho yake, Tanga, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi.

Bweni limepangwa jinsi lilivyokuwa mwaka 1884. Vitanda vya chuma mistari miwili, mablanketi ya kijivu yamekunjwa sawasawa. Februari ni mwezi wa historia ya Wamarekani weusi, na makundi yalikuja. Babu mmoja aliingia na mjukuu wake, akavua kofia. Alisimama kwenye kitanda cha tatu, akashika kichwa cha chuma cha kile kitanda, hakukiachia. Akaniuliza kama walijua kusoma. Nikamwambia wengi walifika hawajui, maana kwenye majimbo mengi ya utumwa kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai. Hapa walikuwa na kasisi wa jeshi aliyewafundisha, na walikuja darasani baada ya kazi ya siku nzima, watu wazima, ndevu zao, wanajifunza a, be, che. Yule babu akamwinamia mjukuu, akamwambia jambo sikioni. Sikulisikia na sikuuliza.

Baada ya siku kama hiyo nilikuwa narudi kwenye trela kifua mbele. Nikaanza kuwasimulia kwa sauti kubwa zaidi, ushujaa, vumbi, farasi. Na hapo ndipo nilipokosea.

Ilikuwa Machi, siku ya kawaida, wageni wachache. Nimemaliza simulizi yangu, watu wamepiga makofi. Mama mmoja wa makamo alibaki nyuma. Alisubiri wenzake watoke. Akasema kwa upole kabisa kwamba ametoka Mescalero, New Mexico, yeye ni Muapache, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi hizi, na kwamba nimewasifu askari vizuri. Kisha akauliza: "Sisi tulikuwa wapi kwenye hadithi yako?"

Nikatafuta neno, sikulipata. Alikuwa na haki. Katika dakika ishirini nilizosema, nilikuwa nimewataja watu wake mara moja tu, nao walikuwa hatari ya barabarani, kama mafuriko au nyoka. Nilimwomba radhi. Nikamwomba pia, kama ana muda, anieleze yeye. Tukakaa kwenye ngazi za baraza karibu saa nzima.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilitoa vitabu nilivyoazima kwenye maktaba ya ngome nikaanza upya. Victorio, kiongozi wa Waapache, na watu wake walikuwa na nchi yao, Warm Springs, huko New Mexico. Mwaka 1877 serikali iliwahamishia San Carlos, Arizona, mahali pa joto na maradhi, wakachanganywa na watu wasio wao. Victorio alikataa, akatoroka na watu wake. Mwaka 1880 alipovuka kuingia Texas, Kanali Grierson wa Kikosi cha 10 hakumfukuza milimani. Alikwenda kukaa kwenye visima. Nchi hii kavu ina maji mahali pachache, na askari weusi waliwekwa kwenye chemchemi: Tinaja de las Palmas mwezi Julai, Rattlesnake Springs mwezi Agosti. Waapache walifika na kiu, na wanawake na watoto, wakakuta bunduki mbele ya maji. Wakarudi Mexico, na Oktoba mwaka ule Victorio na wengi wa watu wake wakauawa na Wamexico huko Tres Castillos.

Mimi nimechota maji mtoni na ndoo kichwani. Najua maana ya kuzuiwa kisima.

Na nikamkumbuka babu mzaa babu yangu. Kwetu tulihadithiwa kwamba alikuwa askari wa Mjerumani. Tukaambiwa kofia yake, buti zake, rupia alizoleta nyumbani. Hakuna aliyetuambia alimpiga nani, na Mjerumani hakuwaweka askari wale kwa ajili ya gwaride tu. Vita vya Maji Maji tulivisoma shuleni kwenye kurasa za mashujaa, na yeye tulimweka kwenye kurasa nyingine kabisa, kana kwamba haikuwa nchi moja na miaka ile ile. Sijui alikuwa wapi 1905. Sikuwahi kumuuliza bibi alipokuwa hai, na leo hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo nilibadilisha simulizi yangu. Nilianza na chemchemi, na watu waliokuwa wakinywa hapo kabla ya ngome. Kisha askari, wametoka wapi, walitafuta nini: mshahara, kusoma, heshima ya kuitwa raia. Kisha nikawaeleza kwamba nchi iliyokuwa imewauza hawa ndiyo iliyowatuma kuwanyang'anya wale. Nikaacha hapo. Kuna wageni ambao hawakupenda. Bwana mmoja aliniambia alikuja kupumzika, si kuhukumiwa. Nilimjibu kwamba simhukumu mtu yeyote, na nikamwonyesha njia ya kupanda mlimani, maana kule juu mandhari ni mazuri kweli. Wengine walikaa kuuliza maswali mpaka saa ya kufunga. Msimamizi wangu nilimweleza mapema ninachotaka kufanya. Alisoma nilichoandika, akasahihisha miaka miwili, akasema endelea.

Kuna mahali pengine nilipopenda kuwapeleka, msingi wa mawe tu ardhini, lilipokuwa kanisa la ngome. Hapo ndipo alipohukumiwa Henry Flipper. Alizaliwa mtumwa, Thomasville, Georgia, 1856, akawa mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha maofisa cha West Point, 1877. Kabla ya kuja hapa alikuwa Fort Sill, na kule alisimamia uchimbaji wa mtaro wa kukausha madimbwi yaliyosemekana kuleta malaria. Mtaro ule upo mpaka leo na unaitwa kwa jina lake. Mtu wa Tanga akisikia hilo lazima asimame! Mwaka 1881 fedha za stoo aliyoisimamia zilipungua. Wakamfunga kwenye kichumba kidogo sana. Watu wa mjini walichanga kuziba pengo. Mahakama ya kijeshi ikamwona hana hatia ya wizi, ikamtia hatiani kwa mwenendo usiomstahili ofisa, na 1882 akafukuzwa jeshini. Alifanya kazi ya uinjinia miaka mingi na aliandika barua bila kuchoka kuomba jina lake lisafishwe. Alikufa 1940 bado halijasafishwa. Jeshi lilibadilisha hati yake ya kuachishwa 1976, na Rais Clinton akamsamehe 1999. Kusamehewa, nasema mimi, ni kwa mtu aliyekosa. Lakini nilipokuwa nasema habari zake pale kwenye msingi, upepo unapiga nyasi, nilikuwa natamka jina lake lote, Henry Ossian Flipper, polepole, na wageni wengi walilirudia.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuja Aprili, baridi ilipokwisha: ukuta.

Kuta nyingi za Fort Davis ni za tofali mbichi, udongo na majani, hazijachomwa. Nyingine zimebaki nusu, zimeliwa na mvua zikawa kama mwezi mwandamo. Zinatakiwa kukandikwa upya mara kwa mara la sivyo zinarudi ardhini. Kikosi cha ukarabati kilituruhusu kusaidia siku za Jumatano. Fundi mkuu, kijana mtaratibu sana, alitueleza kwamba zamani watu walizipiga sehemu kama hizi plasta ya saruji wakidhani wanazitendea wema. Saruji haipumui. Maji yanaingia kwa chini, yanakosa pa kutokea, na ukuta unaoza ndani huku nje unang'aa. Nilicheka kwa furaha, nikamwambia nimeyaona hayo kijijini kwetu, nyumba ya udongo mwenyewe akapata fedha akapiga saruji, baada ya masika mawili saruji inabanduka vipande na udongo umeganda nyuma yake.

Akaniuliza kama nimewahi kukandika. Nikamwambia bibi yangu alitulea kwenye nyumba ya fito na udongo, na kila kiangazi tuliikandika. Dada alikuwa wa kubeba maji, mimi wa kukanyaga.

Kwa hiyo nilivua viatu. Wao walikuwa wanachanganya kwa jembe kwenye toroli. Mimi nilikanyaga kwenye turubai, mchanga, udongo, majani yaliyokatwa mafupi, maji kidogo kidogo, mpaka tope likaanza kunata kwenye nyayo kwa ile sauti ya kunyonya. Nikachukua tonge, nikaliviringisha, nikalibonyeza kwa dole gumba kuona kama linapasuka pembeni. Lilipasuka, nikaongeza majani. La pili halikupasuka. Ukuta tukaunyunyizia maji, kwa sababu ukuta mkavu unanyonya tope lote maji na kesho yake linadondoka. Kisha unalitupa kwa nguvu, lisiwe la kubandika kwa upole, linapiga *pwaa* na kushika, halafu unalisambaza kwa kiganja kutoka chini kwenda juu. Baba Neema alikuwa nyuma yangu anasogeza ndoo. Kwenye tofali moja la zamani, chini kidogo ya usawa wa goti, kulikuwa na alama za vidole vinne, za aliyelitoa kwenye kalibu likiwa bado bichi. Niliweka vidole vyangu humo. Fundi akaniambia pale tusipakandike, tupaache, na tukapaacha.

Jioni ile Baba Neema alinipiga picha mikono yangu, tope mpaka viwikoni, ukuta nyuma. Nikamtumia dada. Korogwe ilikuwa alfajiri. Sikutegemea jibu, lakini kabla sijamaliza kunawa kwenye bomba la nje simu ikaita.

"Huo ukuta wa askari weusi?"

"Huo, dada."

Kimya. Nasikia jogoo kwao.

"Mlinyunyiza maji kwanza?"

"Tulinyunyiza."

"Na samadi ya ng'ombe mmetia? Bibi alikuwa anatia."

Nikamwambia hawatii huku.

"Waambie watie," akasema. "Tope lisilo na samadi litapasuka. Waambie dada yako kasema."

Jumatano iliyofuata nilimwambia fundi. Alilichukua kwa uzito, akatoa daftari mfukoni, akaandika.